Hodi Kwenye Visiwa vya Barafu

Kuna nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi, maana umri umenifundisha faida za kusahau. Haiko mbali na kwenu. Ni nchi ya joto, haina bahari, ina mto mmoja tu, nao kiangazi huenda likizo pamoja na wakubwa. Watu wake ni wema. Viongozi wake ni wema zaidi, kwa kuwa wao wanalipwa.

Siku moja nchi hiyo ikapata visiwa.

Ilikuwa hivi. Ufalme mmoja wa kaskazini kabisa, huko ambako dunia inakaribia kuisha, ulikuwa na visiwa vinne ambavyo haukujua uvifanyie nini. Havina mtu, havina mti, havina hata mbu. Basi kwenye mkutano wa mataifa, wajumbe walipokuwa wakigawiwa kalamu na mikoba, mfalme wa huko akampa Rais wa nchi yetu visiwa. Nasema "yetu" kwa sababu nilikula chumvi yao. Kwa kweli nilikuwa napita tu, kama kawaida yangu. Rais akavipokea kwa mikono miwili. Kule kukataa zawadi ni tusi. Angepewa mamba angempokea, halafu ndiyo angeuliza kichwa kiko upande gani.

Jina la visiwa kwa lugha ya kwao lilikuwa refu na lenye mikwaruzo. Spika wa Bunge alijaribu kulitamka mara moja akapelekwa zahanati apumzike. Likaitwa baraza, majina ya kizalendo yakatolewa. Kisiwa kikubwa kikaitwa Umoja. Hicho kimepasuka katikati, mkondo wa bahari unapita, na mlima umesimama hapo kuhakikisha nusu moja haiioni nyingine. Cha pili kikaitwa Maendeleo. Chote ni barafu, barafu kuukuu yenye rangi ya buluu, nayo kila mwaka inarudi nyuma kidogo. Cha tatu hakuna aliyewahi kukiona chote kwa wakati mmoja, kwa sababu ya ukungu. Hicho kikaitwa Uwazi. Na cha nne, mwamba unaochungulia maji yakipwa na kuzama maji yakijaa, kikaitwa Ahadi.

Nawatetea waliotoa majina hayo. Hawakuwa na nia mbaya. Waliyatoa kabla ya kuviona.

Wizara ya Ardhi za Mbali, ambayo iliundwa wiki hiyo hiyo, ikachora ramani mpya ikavipaka visiwa kijani kibichi. Mchoraji alitaka kuviacha vyeupe. Akaambiwa nyeupe kwenye ramani inaonekana kama kazi haijaisha.

*

Visiwa vikafanywa wilaya, na hapo ndipo fahari ilipoanza. Taarifa za mwaka zilipokusanywa, ikaonekana kwamba wilaya hiyo mpya imezipita nyingine zote. Wizi, hakuna. Ugomvi wa mipaka, hakuna. Mwananchi aliyelalamikia maji, hakuna. Aliyeuliza barabara itakwisha lini, hakuna kabisa. Waziri wa Ardhi za Mbali, Mheshimiwa Bakili Mtandika, mtu mnene mwenye sauti ya ngoma ya harusini, akasimama mbele ya wakuu wa wilaya wote akawafokea.

"Wenzenu wako kwenye barafu!" alisema. "Hawana jua, hawana mihogo, hawana chochote. Mmewahi kuwasikia wananung'unika? Ninyi na mihogo yenu mnaleta malalamiko hadi ofisini kwangu!"

Wakuu wa wilaya wakainamisha vichwa kwa aibu. Likaagizwa kombe la shaba, kubwa kama sufuria ya pilau, liende kwa wananchi wa visiwani kwa utulivu wao.

Karani mmoja wa wilaya, Bwana Anzuruni Mpeta, akanyoosha mkono. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye tabia mbaya ya kusikiliza mikutano.

"Samahani, mheshimiwa. Hivi, huko visiwani kuna watu?"

Vichwa vyote vikamgeukia. Sasa, nchi ile ina desturi moja: anayeuliza swali ndiye anayepewa kazi yake. Ndiyo maana maswali ni machache na mambo yanakwenda vizuri.

"Hongera, Mkuu wa Wilaya," akasema Waziri.

Anzuruni akakaa chini taratibu kama mtu anayekalia yai. Uteuzi ulikuwa wa miaka mitatu. Angeapishwa huko huko visiwani, meli ingegeuza, yeye angebaki. Akapewa vifaa vyote ambavyo mkuu wa wilaya hupewa: chandarua, feni ya mezani, na gunia la mbegu za korosho.

*

Mimi niliingia katika safari hiyo kwa sababu mpishi wa meli, iliyokodiwa bandari ya nchi jirani, alikuwa na akili akakimbia. Nilipewa jiko, na malipo yangu yalikuwa kula nilichopika. Msafara wenyewe ulikuwa mdogo. Alikuwepo Waziri. Alikuwepo Bi. Sikitu, Afisa Itifaki, mama aliyejua sheria zote za mapokezi na hakuwa na ndugu pale zilipovunjwa. Mtangazaji wa redio ya taifa alikuwepo, na askari wa bendera, na Anzuruni mwenyewe, aliyekuwa akishinda jikoni kwangu akiukumbatia moto kama mtoto wa pekee.

"Mzee Pazi," aliniambia, "mimi nasikia baridi hata mbele ya friji."

"Miaka mitatu si mingi, bwana."

"Ukiwa na nani?"

Nikamwongezea uji.

Mkewe, Bi. Mwasiti, alibaki nyumbani. Alikuwa amemshonea koti kwa mablanketi mawili ya kitandani mwao. Anzuruni alilivaa mchana akalilalia usiku, na nilimwona zaidi ya mara moja akinusa mkono wa koti hilo.

Kadiri tulivyokwenda kaskazini, ndivyo jua lilivyozidi kukawia kutua, mpaka ikafika siku likakataa katakata. Hapo tukapata tatizo la kitaifa. Sheria inasema bendera hushushwa jua likitua, na askari halali mpaka ameishusha. Askari akasimama mlingotini. Jua likazunguka kushoto kwake, likazunguka nyuma yake, likarudi mbele. Hatimaye alilala wima, mkono umesimama kwenye saluti, na Bi. Sikitu akamfunga kamba asije akaanguka na heshima ya nchi.

*

Hapa lazima niwaambie habari ya Sheria ya Hodi, maana bila hiyo hamtaelewa kilichotokea.

Nchi ile ilitawaliwa zamani na wageni waliokuja bila kubisha. Waliingia tu, wakakaa, wakaagiza chai. Wazee waliopigania uhuru hawakusahau uchungu huo, na sheria ya kwanza kabisa waliyoandika ilisema: *Hakuna mwenye cheo atakayekanyaga mahali pa watu kabla hajapiga hodi na kukaribishwa na mwenyeji asiye na cheo. Akipiga hodi tatu asijibiwe, ageuke arudi alikotoka.*

Sheria nzuri, ukiniuliza mimi. Na inafuatwa hadi leo. Waziri akienda kijijini husimama mpakani akapaza sauti, "Hodi!", na kijiji kizima huitikia, "Karibu!" Huitikia kwa nguvu, kwa sababu mjumbe wa nyumba kumi amepita asubuhi kuwakumbusha, na atapita jioni kwa wale waliokuwa na kikohozi. Baada ya karibu huja wali, kuku na soda, kisha hotuba. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusikia hodi ya pili.

Basi meli ikatia nanga mbele ya Kisiwa cha Umoja. Tuliona ufukwe wa mawe meusi, juu yake mlima, na juu ya mlima ukungu. Hakuna moshi, hakuna mbwa. Ndege walikuwa maelfu kwenye majabali, wanapiga kelele kama soko la samaki. Waziri akaamuru mashua ishushwe. Bi. Sikitu akamshika mkono wa koti.

"Mheshimiwa, atakayekukaribisha ni nani?"

"Wananchi wa wilaya."

Bi. Sikitu akautazama ufukwe, akamtazama Waziri, akangoja.

"Basi Mkuu wa Wilaya atangulie, anikaribishe," akasema Waziri.

"Ana cheo. Naye anahitaji karibu."

"Askari?"

"Ana cheo. Na amelala."

"Wewe?"

"Mimi ndiye cheo chenyewe, mheshimiwa."

Nahodha, mzungu wa kukodiwa aliyejifunza Kiswahili bandarini, akapaza sauti kutoka juu, "Karibu! Karibu! Karibuni wote!" Ikaamuliwa kwamba ya mzungu haihesabiki, wala ya mabaharia wake.

Hapo wote wakageuka kunitazama mimi, na mwiko wangu mkononi. Katika meli nzima, mimi peke yangu sikuwa chochote.

"Mzee Pazi," akasema Waziri kwa upole ambao sikuwahi kuuonja, "utatangulia ufukweni, ukae nyuma ya jabali. Nikipiga hodi, jibu. Neno moja tu. Taifa zima litakuwa linasikiliza."

Na kweli lingekuwa linasikiliza. Mtangazaji alikuwa amekwisha kufunga mitambo yake. Nyumbani shule zilifungwa, maofisi yaliweka redio madirishani, na wagonjwa hospitalini waliambiwa wasikohoe.

Anzuruni hakunisihi. Alipiga magoti akanifunga kamba za viatu, mafundo mawili mawili. Neno langu moja, na angeapishwa kabla uji haujapoa.

*

Nikavushwa, nikakaa nyuma ya jabali. Mawe ya pale yameota kitu kama ukungu wa mkate wa juzi, chekundu na cha manjano, na hicho ndicho shamba na msitu wa kisiwa kizima. Upepo ulikuwa unatoka upande wa Maendeleo, umebeba harufu ya chuma baridi.

Nimezunguka sana, na popote nilipolala maishani mwangu ni kwa sababu mtu alisema karibu. Wengine hawakuwa na chakula. Wengine hawakuwa na paa. Lakini nyumba ilikuwa yao, na neno lilikuwa lao. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hapa mwenye neno ni nani? Mimi mwenyewe sikukaribishwa.

Mashua ikasogea. Waziri amesimama mbele, tai ya rangi za bendera imefungwa juu ya blanketi alilojitanda. Kando yake Bi. Sikitu, mtangazaji, na Anzuruni aliyepakata feni yake.

"Ndugu wananchi wa visiwa," akaunguruma Waziri, "mlioko na msioko! Serikali yenu imefika. HODI!"

Ndege wakanyamaza. Wote, kwa pamoja. Nadhani hawakuwahi kuulizwa kitu.

"HODI!" mara ya pili, kwa sauti iliyokwaruza kidogo.

Kwenye mawe ya upande wa pili kulikuwa na mnyama ambaye nilidhani ni jabali. Ni mkubwa kama kiboko aliyesahau miguu, ana masharubu ya mkuu wa kituo cha polisi na meno mawili yanayofika kifuani. Akainua kichwa akatoa mlio mrefu kutoka tumboni: "Hoooouuu."

"Umesikia?" akaruka Waziri, mashua ikayumba. "Nimekaribishwa!"

"Ametoa sauti tu, mheshimiwa," akasema Bi. Sikitu.

"Ni lafudhi ya huku!"

"Hana kitambulisho cha mpiga kura."

"Wangapi wanapiga kura hawana?"

"Mheshimiwa," akasema Bi. Sikitu polepole, "tuko hewani."

Waziri akavuta pumzi. "Hodi," akasema mara ya tatu, na sasa haikuwa ngoma, ilikuwa mtu tu amesimama kwenye baridi.

Nikafungua mdomo. Mungu ni shahidi yangu, niliufungua. Kisha nikamwona Anzuruni. Amefumba macho kama mtu anayengoja sindano, pua imezama kwenye mkono wa koti. Nikaufunga.

Ukapita ukimya ambao sijausikia tena. Ulisafiri kwa redio ukaingia katika kila nyumba ya nchi ile.

"Tatu zimetimia," akasema Bi. Sikitu. "Sheria inasema turudi."

Mtangazaji, kijana mwaminifu asiyejua kuongeza chumvi, akasema kwenye kipaza sauti: "Wananchi wa visiwani hawakujibu. Mheshimiwa Waziri, kwa kuheshimu sheria, anageuza."

Nilipopandishwa melini Waziri alikuwa wa zambarau.

"Mzee Pazi! Ulikufa huko?"

"Mdomo uliganda, mheshimiwa."

"Mbona sasa unasema?"

"Umeyeyuka, mheshimiwa. Hasira yako ina joto."

Anzuruni alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Halafu akalia kidogo, halafu akaniomba uji.

*

Tuliporudi, Waziri alikwenda moja kwa moja kijiji cha Majimoto kuzindua bomba. Lilikuwa limezinduliwa mara mbili tayari, likabaki jambo la maji tu. Alisimama mpakani, msafara nyuma yake, akajaza kifua.

"Hodi!"

Kimya. Kuku mmoja akavuka barabara.

"Hodi!"

Watu walikuwepo. Walikaa vibarazani, wanawake wanachambua mboga, wanaume wanamtazama kwa heshima kubwa. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anatazama kucha zake.

"Hodi, jamani!"

Bi. Sikitu akagusa koti lake. Magari yakageuzwa, moja baada ya moja. Baadaye mjumbe aliitwa kueleza. Siku hiyo kulikuwa na joto kiasi kwamba mbuzi waligombea kivuli cha baiskeli.

"Midomo iliganda, mheshimiwa," akasema mjumbe, maana jibu langu la melini Anzuruni alikuwa amelisimulia bandarini.

Likaenea kama moto wa nyasi. Mikoa ya juu waliganda, mikoa ya chini waliganda. Wilaya moja waliganda hadi wakapata muda wa kutengeneza daraja lao. Si kwamba watu walikasirika, hapana. Ila mama mmoja muuza vitumbua alisema waziwazi kilichomshangaza: "Kumbe ukinyamaza wanaondoka? Mbona hatukuambiwa?"

Aliyeumia zaidi ni Waziri. Ninyi hamjui, lakini mtu kama yule huwa hali nyumbani. Hula kwenye mapokezi: kuku Jumatatu, mbuzi Jumanne, na kadhalika hadi Ijumaa. Karibu zilipokwisha, wali ukaisha. Suruali zikaanza kumhama.

*

Siku ninayotaka kumalizia nilipita kwa Anzuruni kuaga, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuniwasha. Ilikuwa adhuhuri. Alikuwa amerudi kwenye ukarani wake, na mablanketi mawili yamerudi kuwa mablanketi. Bi. Mwasiti, mama mfupi mwenye maneno machache na mikono isiyotulia, alikuwa ametuwekea ugali na kisamvu cha karanga. Tunanawa tu, tukasikia nje:

"Hodi."

Tuliijua ile sauti. Anzuruni akaganda, na mara hii sisemi uongo.

"Hodi wenyewe."

Kimya. Tukasikia mtu anameza mate.

"Jamani, sina msafara. Nasikia harufu ya kisamvu. Tangu juzi nimekula hotuba tu." Kisha, taratibu sana: "Hodi."

Bi. Mwasiti akamtazama mumewe. Mumewe akatikisa kichwa mpaka masikio yakacheza.

"Ni mgeni," akanong'ona mama.

"Ni waziri!"

"Waziri mwenye njaa ni mgeni." Akapaza sauti. "Karibu, baba! Karibu ndani!"

Akaingia, akavua viatu, akakaa mkekani. Alikula bila kusema neno, na niliona ni mtu mzuri kabisa anapokuwa na kitu mdomoni. Lakini sahani ilipokwisha, akapangusa midevu, na ile ngoma ikarudi kooni.

"Nimekaribishwa," akasema. "Mbele ya shahidi. Mama, unajua kwamba karibu yako ndiyo pekee iliyobaki katika nchi hii? Meli iko tayari. Wewe utatangulia visiwani kama mwananchi. Mimi nitapiga hodi, wewe utajibu, mumeo ataapishwa. Miaka mitatu. Wilaya itakuwa na mkuu na itakuwa na raia. Haikosi kitu tena!"

Tonge la Anzuruni likadondoka. Hakuangalia lilipoangukia.

Bi. Mwasiti alikuwa anakusanya sahani.

"Kwa hiyo nitakuwa mwenyeji?"

"Mwenyeji pekee! Wa visiwa vyote vinne!"

"Na wewe utakuwa kwenye mashua."

"Nitakuwa nimesimama, mama. Kwa heshima yako."

Mama akanigeukia. "Mzee Pazi, huko baridi ikoje?"

"Mate hayafiki chini, mwanangu. Yanafika mawe."

"Haya." Akaendelea kukusanya. "Utapiga hodi, mheshimiwa. Kisha utangoja."

"Nitango..." Waziri akakomea hapo.

"Mimi huwa sijibu mbio. Nina mambo yangu. Nitaosha vyombo, nitatandika, nitatafuta kanga ya kutokea. Na kule hakuna mjumbe wa kunipitia asubuhi." Akapuliza majivu jikoni. "Nikisahau kabisa, je? Sheria inasemaje?"

Kila mtu katika nchi ile alikuwa ameisikia redioni. Waziri alikuwa anatazama ukuta, lakini niliona wazi kwamba anaona ufukwe wa mawe meusi, mashua inayumba, na mlango mmoja wa kibanda umefungwa.

"Nikifikiria vizuri," akasema mwishowe, "visiwa vile vimekaa siku nyingi bila sisi."

"Na havijalalamika," nikasema.

"Havijalalamika." Akatafuta viatu vyake kwa mguu. Akainuka nusu, akasita, kisha akasema jambo ambalo nadhani hakuwahi kulisema tangu apewe gari: "Basi mama, naomba ruhusa niondoke."

Bi. Mwasiti akaweka birika motoni.

"Bado," akasema. "Kaa. Chai haijachemka."

Waziri akakaa. Anzuruni akaliokota tonge lake mkekani, akalipuliza, akalichovya kwenye kisamvu.